Mikono ya Treni

Jumapili, 2 Machi

Bonifas ameleta bagi lake. Limeshushwa kwenye lori mbele ya nyumba, na nusu ya Magomeni yetu hii, si ile ya Dar, ikatoka kulitazama. Ni kile kigari cha porini cha watu wawili kukaa bega kwa bega, hakina milango wala vioo, juu ni mabomba matupu na nyuma kuna sehemu ya mizigo. Lodji ya watalii anakofanya kazi ya udereva, huko Mikumi, walilitumia mpaka likawachosha, wakampa. Naye mdogo wangu, kwa akili zake, akalivalisha matairi makubwa kuliko yale liliyozaliwa nayo ili lisizame kwenye tope. Sasa linanguruma haliendi, na linanuka mpira ulioungua.

"Dada, fundi ni wewe," akasema, akanipa ufunguo.

Mama akatoka na mkongojo wake, akalizunguka polepole. Akashika bomba la juu.

"Toroli limerudi," akasema. Kisha akamtazama Bonifas usoni. "Ditram, mbona umechelewa?"

Ditram ni baba yetu, na yuko makaburini tangu mwaka ule mto Mkondoa ulipoingia mjini. Alikuwa mtia mafuta wa reli pale stesheni ya Kidete, na toroli lilikuwa kile kigari cha wazi walichopita nacho relini kukagua njia. Bonifas akatazama viatu vyake, akasema lori linamsubiri, akaondoka hata chai hakugusa. Leo nimemchukia kabisa.

Bagi hili lina kazi moja tu, na naiandika hapa ili nikichoka nijikumbushe. Ni kumfikisha mama kijijini Lumuma, kule milimani, kwa dada yake, mama mkubwa Foibe, wakati bado anamkumbuka. Daktari ametuambia tusingoje kiangazi. Bodaboda hawezi, nyonga yake haikubali. Gari la kawaida masika halifiki kule. Mama mkubwa naye macho yameingia ukungu, hatoki nyumbani. Kila jioni mama ananiuliza, "Kwa Foibe tunakwenda lini?" Nami kila jioni naomba asije akaacha kuuliza.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kifuniko cha klachi. Huku hakuna pedeli ya kukanyaga wala gia za kubadilisha. Kuna puli mbili na ukanda mnene wa mpira katikati. Injini ikichangamka, vile vyuma vizito vilivyo ndani ya puli ya mbele vinatanuka, puli inaubana ukanda, gari linakwenda. Ni kitu kizuri, sisemi uongo. Lakini ukanda umeungua ukawa unang'aa mithili ya kiatu cha Jumapili.

Yassin, ambaye tunashirikiana gereji, aliwahi kuyatengeneza magari haya Mikumi kabla hajaoa. Akachungulia akasema, "Dada Generoza, matairi yamekuwa mazito. Hapo tupunguze vizito na tutie springi ngumu. Injini iwahi kupata nguvu ndipo puli ibane."

Nikamwambia mzigo ukizidi nguvu huongezwa, haipunguzwi. Akarudi kufungua bolti. Yassin asipobishana huwa anakuudhi zaidi ya akibishana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeongeza vizito kwa njia yangu. Tukalipeleka kwenye kile kilima kinachopanda kutoka mtoni. Injini ikakohoa katikati ya kilima ikazimika, tukarudi kinyumenyume huku watoto wa shule wakitushangilia. Yassin alitazama mbali kama mtu anayesubiri basi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kutwa. Mama amekula vizuri. Amemuulizia Foibe.

Jumatano, 12 Machi

Basi, tumefanya anavyotaka Yassin. Tumepunguza vizito kwa tupa, kimoja kimoja, na kwa kuwa lazima vilingane tukaenda navyo kwa sonara wa hapa Magomeni avipime kwenye mzani wake wa dhahabu. Sonara alicheka mpaka akafuta miwani. "Generoza, leo umeniletea pete gani?" Tulirudi kwake mara nyingi, mara hiki kimezidi kile, mara kile kimepungua. Yassin amefunga, midomo imemkauka, na bado ananisemesha kwa upole unaonifanya nitamani kumrushia tupa.

Bonifas amepiga simu. Springi ngumu amezipata Dar, zinakuja na basi. Akauliza habari za mama, nikamjibu mwenyewe aje amwone. Akasema kazi zimembana.

Jumamosi, 15 Machi

Limepanda! Limepanda kilima kile na springi mpya bila kukohoa, injini ikiimba sauti moja kutoka chini mpaka juu, na nilipogusa kifuniko cha klachi mkono haukuungua. Mtu akikupa gari lenye matairi makubwa, usilipe nguvu ya kubana mapema. Liache likusanye pumzi kwanza. Ningemsikiliza Yassin tangu mwanzo ningeokoa petroli na aibu. Nimemwambia hivyo, kwa sauti ndogo.

Nikashuka nikiwa nimeacha mdomo wazi kwa furaha, upepo unaniingia kinywani, na hapo nikarudi Kidete nzima nzima. Baba alikuwa akinipakia kwenye toroli siku ambazo bwana stesheni yuko safarini. Reli inakimbia chini ya miguu yangu, milima iko mkono huu na mto mkono ule, na baba ananuka mafuta ya mashine. Harufu ile ilikuwa kwenye mashati yake, kwenye blanketi, hata kwenye mkate. Sijawahi kuwa salama tena duniani namna ile. Nimelia kidogo barabarani, nikasingizia vumbi wakati ardhi yote ni tope.

Jioni nimeacha kifuniko cha klachi wazi ili kesho nisihangaike na bolti zile nikitaka kukagua.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka misa ya kwanza nikaliwasha. Linateleza. Injini inapiga kelele, matairi hayana habari. Ukanda una utelezi wa mafuta.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesafisha puli na ukanda kwa petroli, nikapangusa mpaka pakakauka. Klachi ya namna hii haitaki hata tone la mafuta, ikishalowa imekwisha. Saa hizi linakwenda vizuri. Sijui jana ilikuwa nini. Kifuniko nakiacha wazi bado, niendelee kukagua.

Mama kaniuliza kama nimeshamaliza kazi. Nikamwambia bado kidogo. "Mimi nimeshamaliza yangu," akasema, na akarudi kulala.

Alhamisi, 20 Machi

Jana jioni lilikuwa linakwenda. Leo asubuhi nimerudi kutoka sokoni, linateleza. Mafuta tena.

Yassin anasema huenda sili ya injini, ule mpira unaozuia mafuta, inavuja kidogo kidogo gari likisimama. Inawezekana.

Jumapili, 23 Machi

Nimebadilisha sili. Mikono yangu imechubuka, mvua imenipiga mgongoni kutwa chini ya turubai. Treni ya umeme imepita ng'ambo nikiwa chini ya gari. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Nikamwambia, "Mama, ile treni." Akatega sikio, akatikisa kichwa. "Treni gani hiyo isiyolia? Hakuna mtu wa kuitia mafuta, ndiyo maana." Nikacheka. Jinsi anavyosema mambo, utadhani amelala na kuamka mwaka ule ule.

Jumanne, 25 Machi

Linateleza. Sili mpya, na linateleza.

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya. 

Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza, mafuta haya yanaingiaje? Jioni ukanda ni mkavu, asubuhi umelowa. Bagi linalala hapa nyumbani, bandani kwa nyuma. Funguo za geti tunazo wawili, mimi na Yassin, kwa sababu vifaa vya gereji tunavilaza hapa na yeye hupita asubuhi kuvichukua. Na Yassin, tangu siku ya kwanza, hakuitaka safari hii. Alishaniambia waziwazi, "Dada, kulitengeneza nitalitengeneza, lakini kumvusha bibi mito ile kwenye masika, mimi moyo wangu haukubali. Ngojeni kiangazi." Nikaunganisha moja na moja.

Leo alipokuja kuchukua jeki nikamsimamisha getini. Nikamwambia, "Kama hutaki mama yangu aende kwa dada yake, nitazame usoni useme. Usinitilie mafuta kwenye klachi kama mwizi."

Akanitazama. Sikuwahi kumwona Yassin amekasirika kabla ya leo. Akasema polepole, "Dada Generoza, mimi nimefunga. Sitakujibu." Akatoa ufunguo wa geti kwenye shada lake, akauweka juu ya nguzo ya geti, akaamkia dirishani, "Shikamoo bibi," na mama akaitikia "Marahaba, baba," kisha Yassin akaenda zake. Hata jeki aliiacha.

Nilisimama pale nikiwa na uhakika wote wa dunia. Mchana uhakika ukapungua. Sasa hivi sijui.

Ijumaa, 28 Machi

Nimesafisha ukanda. Geti nimelifunga kwa kufuli jipya. Tutaona.

Jumamosi, 29 Machi

Mafuta.

Kufuli liko salama. Nimekaa chini kwenye ngazi nikashika kichwa.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mke wa Yassin ameleta bakuli la pilau lililofunikwa kitambaa cheupe. "Ni la bibi," akasema, "baba watoto amesema bibi lazima ale la kwanza." Mimi hakuniangalia, na ana haki. Mama alikula lote, akalamba vidole, akaniuliza mbona mimi sili.

Sikuweza kula. Nikajiambia nitakwenda kumwomba radhi, nikavaa kabisa, mvua ikashuka, nikaifanya mvua kuwa sababu.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo jioni mama hakumuulizia Foibe.

Nilikaa naye mpaka taa ya jirani ikazimwa, nikimsubiri aulize. Mwishowe mimi ndiye niliyesema, "Mama, kwa Foibe tunakwenda." Akanijibu kwa adabu, kama anavyojibu wageni, "Mwende salama."

Jumapili, 6 Aprili

Hakuuliza. Bonifas hapokei simu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimejua.

Asubuhi mvua ilinyesha ya kutotoka mtu. Kwa kawaida wakati ule niko misa au sokoni, lakini leo nilibaki jikoni nikichemsha maji. Dirisha la jikoni linatazama bandani. Nikaona kanga ya mama.

Alikuwa ameburuta kile kigoda chake mpaka kando ya bagi, amekaa mguu mmoja mbele kwa ajili ya nyonga. Mkononi alikuwa na kopo la baba. Lile kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango tangu baba alipostaafu, ambalo mimi mwenyewe hulijaza kwa ajili ya bawaba na cherehani. Alikuwa anaingiza mdomo wa kopo kwenye puli, anabonyeza chini ya kopo kwa kidole gumba, tone, tone, anaizungusha puli kidogo kwa mkono, tone tena. Taratibu, bila kumwaga hata chembe pembeni. Mikono yake inayosahau kijiko kinashikwaje haikukosea hata mahali pamoja.

Nikatoka na mwiko mkononi. Nilikuwa na hasira ya mwezi mzima. Nikasema tu, "Mama."

"Shh," akasema. "Baba yako amelala. Homa imempanda tena."

Nikakaa chini kwenye udongo. Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?"

Akanieleza, na naandika maneno yake kabla sijayaharibu. "Bwana stesheni ni mkali. Mtu asipotia mafuta alfajiri anaandikwa, akiandikwa tena anafukuzwa. Na Ditram homa haimwachi, hizi homa za Kidete. Basi nachukua koti lake, nachukua kopo, natoka kabla watu hawajaamka. Natia toroli, nikimaliza natia magurudumu ya mabehewa. Wakija wanakuta kazi imefanyika."

"Baba anajua?"

"Anajua mafuta yametiwa. Hajawahi kuuliza ni nani."

Miaka yote ile. Nilizaliwa ndani ya nyumba ile na sikujua. Harufu niliyoiita harufu ya baba, kwenye blanketi na kwenye mkate, kumbe nusu yake ilikuwa mikono ya mama.

"Na hakuna mtu mwingine aliyejua?"

Hapo akacheka, kicheko cha msichana. "Foibe. Alikuja kukaa kwetu, mie nina mimba ya Bonifas. Pua yake ile! Nikiingia jikoni ananifukuza, 'Toka na mikono yako ya treni, usiniguse unga!' Kila siku. Nami nikawa namjibu..." Akasita. Kopo likabaki hewani. Alitafuta jibu lake, nikaona kabisa anavyolitafuta, macho yanakwenda huku na huku, na hakulipata. Uso wake ukafunga. "Wewe mama ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni jirani, nimekuja kumsaidia. Nikamshika mkono tukaingia ndani.

Mama amelisikia gari likinguruma bila kwenda, akajua kuna mtu anaumwa na kazi yake haijafanyika. Mwezi mzima alikuwa akituokoa tusifukuzwe.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda kwa Yassin kabla hajafungua gereji. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, nikayapoteza yote mlangoni. Nikasema, "Ni mama. Nimekukosea." Nikamsimulia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa uso kwa kiganja. "Bibi peke yake ndiye aliyekuwa anafanya kazi pale," akasema. "Sisi tulikuwa tunacheza." Kisha akacheka, nami nikacheka, nikajikuta nalia, mkewe akaleta chai bila kuniangalia lakini alitia tangawizi nyingi.

Nikamwambia nitalificha kopo. Yassin akakataa kwa ukali. "Ukimnyima kopo utakuwa umemfukuza kazi."

Ijumaa, 11 Aprili

Tumefunga kifuniko cha klachi kwa bolti zote. Yassin alimletea mama toroli la kubebea zege, akamwomba alitie mafuta gurudumu. Mama akalitazama, akamtazama Yassin. "Hili si lenyewe," akasema, "unanifanya mtoto?" Yassin akaona haya.

Kisha mwenyewe akapata akili. Akamsogeza mama na kigoda chake mpaka kwenye miguu ya mbele ya bagi, mle mnamotaka mafuta kweli, kwenye maungio. "Bibi, hapa." Mama akapapasa, akatafuta kwa kidole, akapata. Tone. "Eeh," akasema. "Hapa pamekauka sana. Nani alikuwa analiangalia hili?"

Nikasema ni mimi. "Umezembea," akasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Kavu jana jioni, kavu leo asubuhi. Linapanda kilima. Mama haulizi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Bonifas amekuja bila kupiga simu, na mapaja mawili ya mbuzi na uso wa mtu asiyelala. Tukiwa tunakata vitunguu akaniambia, "Dada, sikimbii kazi. Nakimbia kuitwa jina la baba. Nikiitwa hivyo nahisi mimi nimeshakufa na yeye ndiye amebaki." Mdogo wangu huyu nimemwita mvivu mwaka mzima. Nikamsogezea kisu kikali.

Wakati wa kula mama akamgeukia. "Ditram, homa imepungua?"

Nilimwona Bonifas anashika ukingo wa meza. Kisha akamwita mama jina lake, kama baba alivyomwita: "Imepungua, Raheli. Asante kwa kunifanyia kazi."

Mama akainama kwenye sahani yake. Akatabasamu kama mtu aliyefichuliwa. "Ulijua?"

"Nilijua siku zote," Bonifas akasema.

Nikatoka nje kuangalia kuku ambao hatuna.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua zinapungua lakini njia ya Kidete haipitiki, maji yameimega. Tutazungukia Mikumi. Bonifas ataomba lori la lodji, atatubeba na bagi juu mpaka mwisho wa lami, halafu sisi tushuke tuingie milimani. Yassin anakuja. Sikumwomba. Amesema tu kwamba ukanda wa akiba atakaa nao yeye.

Jumapili, 4 Mei

Mikumi, kwa Bonifas. Mama amekaa kibarazani akitazama magari makubwa yakipita barabara ya Iringa. Kopo la baba liko mapajani mwake, amelibeba njia nzima, hataki kulitoa. Nimemwambia kesho tutafika kwa Foibe. Akanijibu vizuri tu, lakini jina lilipita kama majina mengine. Naogopa. Nimehangaika masika nzima na gari, na sasa gari limepona. Nikimfikisha kwa mtu asiyemjua, nitakuwa nimefikisha nini?

Jumatatu, 5 Mei

Tumefika.

Niandike njia kwanza, maana bado iko mwilini. Tulishusha bagi pale lami inapoishia. Bonifas hakuweza kuendelea, lori linatakiwa, akamfunga mama mkanda wa kiti na kipande cha godoro mgongoni. "Safari njema, Raheli," akamwambia. Mama akampapasa shavu. Nikashika usukani, mama kando yangu, Yassin nyuma kwenye sehemu ya mizigo ameng'ang'ania bomba.

Tope lilikuwa jeusi, la kunata. Matairi yale niliyoyatukana yalikanyaga na kutoka, yakakanyaga na kutoka. Kwenye miinuko nilisikia klachi ikifanya vile tulivyoifundisha, injini inapanda kwanza, inakusanya, kisha puli inabana na tunakwenda, pole pole, hakuna harufu ya kuungua. Kwenye mto wa mwisho Yassin akashuka, akavuka kwa miguu maji yakiwa magotini akipapasa mawe kwa fimbo, akarudi. Akamtazama mama. Nilidhani atasema turudi. Akasema, "Pita kushoto, dada, usiondoe mguu kwenye mafuta." Tukapita. Mama akapiga kelele za furaha maji yalipomrukia.

Mama mkubwa Foibe alikuwa ameketi uani anapepeta unga, akitegemea mikono zaidi ya macho. Wajukuu wakamwambia wageni wamefika. Nikapiga goti, "Shikamoo mama mkubwa." Akaitikia, akanyoosha mikono hewani. "Yuko wapi?"

Nikamleta mama. Wakasimama uso kwa uso, wazee wawili wa kimo kimoja. Mama akamtazama dada yake, akamtazama tena, akasema kwa ile adabu yake ya wageni, "Hamjambo hapa?"

Mama mkubwa akashika mikono ya mama, akaipapasa, akaiinua mpaka puani. Alfajiri ile, Mikumi, mama alikuwa ametia mafuta kama kawaida.

Akaisukuma mikono ile kwa nguvu.

"Toka!" akasema. "Toka na mikono yako ya treni, usiniguse unga!"

Nikashtuka. Yassin akapiga hatua mbele. Lakini mama alikuwa amejinyoosha, kidevu kimepanda, na jibu likamtoka kama lililokuwa limekaa tayari mlangoni miaka yote.

"Na unga wenyewe umekuja na treni!"

Kisha, taratibu, akasema, "Foibe."

Hawakuachana tena. Waliketi palepale, wakaongea Kisagara kwa haraka, lugha ambayo mimi huishika nusu, na sikutaka kushika zaidi ya hiyo nusu. Ungo wa unga ulibaki kati yao.

Jumanne, 6 Mei

Jana jioni nilifungua kifuniko cha klachi ili maji ya mto yakauke. Nilikuwa nimechoka, sikufikiri.

Asubuhi hii nimeamshwa na sauti uani. Kulikuwa kunapambazuka. Mama alikuwa kwenye kigoda cha kuazima kando ya bagi, na mama mkubwa, ambaye haoni, alikuwa amemshikia tochi na kuielekeza pasipostahili. Mama alikuwa anatia mafuta kwenye puli, tone, tone, akimweleza kitu. Mama mkubwa akakunja pua, akacheka.

Yassin alikuwa ameamka pia, amesimama mlangoni mwa chumba alicholala. Akanitazama kuniuliza tufanye nini.

Nikamwonyesha dumu la petroli na kitambaa kilichoning'inia kwenye bomba, tutasafisha wakimaliza. Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa kizingitini tukisubiri, hatukuwa na haraka.